Bustani Iliyorukwa na Mto

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka wazi kuliko hata siku niliyofunga ndoa, na kama siku zingekuwa zinafutika, ningeanza na hiyo. Siku hiyo shangazi yangu, dada wa baba yangu, mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, alinipigia magoti mimi nikiwa nimesimama. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Leo nimevuka sabini, na jambo hilo sijawahi kulisimulia lote. Nimelisimulia vipande, kile kinachonifaa. Leo nitatoa na kile kisichonifaa.

Nyumbani kwetu ni Isongole, wilaya ya Ileje, bondeni kidogo kutoka sokoni, mahali ambapo mto Songwe ndio unaosema hapa ni Tanzania na pale ni Malawi. Mto unasema hivyo, watu hawasemi. Babu alioa ng'ambo, shangazi akaolewa ng'ambo, na siku ya mnada nusu ya watu sokoni ni ndugu wa nusu nyingine. Shangazi huyu aliitwa Enesi. Alipofiwa na mume alibaki kwa wakwe zake, akilea wajukuu watatu ambao mama yao hakuwepo tena duniani. Chakula chao kilitoka zaidi kwenye dimba. Dimba ni bustani ya kando ya mto. Unailima kiangazi udongo ukiwa bado na unyevu, na mahindi yake hukomaa Desemba, wakati vihenge vya kila mtu vimebaki na vumbi. Asiye na dimba, Desemba hula kwa macho.

Baba naye alikuwa na dimba, upande wetu wa mto, likitazamana na la dada yake. Walizoea kulima huku wakitaniana juu ya maji, huyu akimwambia yule kwamba matuta yake yamepinda kama miguu ya bata.

Lakini Songwe ni mto usiotulia. Nilipokuwa sekondari ulianza kulila dimba la baba. Uliling'ata ukingoni, wiki hii tuta moja, wiki ijayo mawili, bila haraka, kama mzee asiye na meno anavyokula muwa. Kisha Desemba moja mafuriko yakakata kipande kilichosalia na mahindi yake, kikawa kisiwa kidogo, tena karibu na ng'ambo kuliko kwetu. Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye mzigo wangu. Shangazi Enesi na shemeji zake waliingia kwenye maji ya kiunoni, wakachuma mahindi yetu yote, wakatuvushia. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilisimama mtoni nikipokea matenga kutoka kichwani kwake kwa mikono yangu hii. Alikuwa akicheka na kusema mahindi ya kaka yake ni mepesi kama ahadi zake. Hakubakiza hata hindi moja la kuchoma. Wiki ile ile kisiwa kikaenda na maji.

Mwaka uliofuata nikamaliza kidato cha nne, na baba akafariki. Kazi haikupatikana. Nikaenda Tunduma, nikakaa kwa jamaa pale Chapwa, nikawa navusha mizigo ya wafanyabiashara wanaokwenda na kurudi Zambia. Tunduma ilinifundisha jambo moja nikaliona kubwa kuliko yote ya shuleni: hatua moja ukiwa upande huu kitu kina mwenyewe na bei yake, hatua moja upande ule mambo yote yamegeuka. Tena palikuwa na bwana mmoja, mwandikia watu barua za kesi za viwanja, ambaye alipenda kusema kwamba kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi. Nikaikamata sentensi hiyo. Nilikamata nusu yake, kumbe ina mkia mrefu, wenye masharti na kasoro zake, lakini kijana akipata nusu ya neno la kisheria hujiona hakimu.

Nilirudi Isongole mwanzoni mwa mvua, na redio, na viatu vya kamba, na sentensi yangu.

Mvua ilinyesha upande wa milimani siku mbili bila kukatika. Asubuhi ya siku ya tatu nilishuka bondeni kuangalia, nikakuta mto haupo pale nilipouacha. Kwenye njia yake ya zamani palikuwa na madimbwi na kambale wanaorukaruka kwenye tope. Mto ulikuwa umekata njia mpya nyuma ya dimba la shangazi Enesi. Dimba lake lote, mahindi yamesimama na ndevu zimeshakauka, maboga yamelala, hata kibanda cha kulindia nyani bado kina nyasi zake, lilikuwa sasa upande wetu, limeungana na ukingo lilipokuwa dimba la baba. Mto ulikuwa umeliruka kama mtu anavyoruka tope.

Mwanangu, nilifurahi. Siwezi kukudanganya. Nilisema moyoni kwamba mto umetulipa. Ulikula la baba, leo umerudisha, tena pamoja na mazao.

Baba mkubwa Ambakisye, kaka wa baba yangu, alifika na fimbo yake. Ndiye aliyeitwa kila mipaka ilipogombaniwa, huku na ng'ambo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupendelea. Aliangalia mto mpya kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba hapa hapaguswi mpaka wazee wa kando zote mbili wakae, na kwamba shangazi aitwe aje achume mahindi yake kabla nyani hawajajua kuwa mlinzi hawezi kuvuka. Nikamjibu kwamba mpaka wa nchi ni mto, na mto umeshaamua.

"Mto ukiruka, Lusekelo," akasema, "hausaini hati."

Nikamwambia, na watu wakisikia, kwamba hayo ni mawazo ya enzi ambazo watu hawakusoma. Yeye hakwenda shule. Alinitazama, akapangusa tope kwenye fimbo yake kwa jani la mgomba, akaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema waliotutangulia. Mimi langu halikuvunjika pale pale, ndiyo maana niliendelea kutembea nalo vibaya. Mchana ule nikachomeka vigingi kulizunguka dimba lote, nikavifunga kwa kamba ya mkonge, likawa kama shamba la nyumba yetu.

Siku ya pili yake maji yalipungua kidogo, na shangazi Enesi akavuka. Alikuja peke yake, kitenge amekipandisha hadi magotini, tenga tupu kichwani. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda chake mwenyewe cha kulindia nyani. Akaziona kamba.

"Eh, baba," akaniambia, kwa maana kwetu shangazi huwaita watoto wa kaka zake hivyo, "umenizungushia uzio? Umekuwa mwema. Nyani wa huku ni wakorofi kuliko wa kwetu."

Alidhani nimemlindia. Nikashuka kibandani. Nikamwambia kwamba asichume, kwamba pale aliposimama sasa ni Tanzania na ni ardhi ya nyumba yetu.

Akacheka kwanza. "Mimi nilizaliwa Tanzania, wewe ukiwa bado hata huna jina. Nilipoolewa nilivuka kwa miguu yangu. Na mahindi haya je, yamevuka na nani? Yamechukua uraia usingizini?"

Nikatoa sentensi yangu. Nikamwambia kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi, na ndivyo sheria isemavyo.

Akaacha kucheka. Alisema ardhi si neno lake na langu, hilo wazee watalikalia, na wakisema imehama, basi imehama, yeye hatagombana na mto. Lakini mahindi aliyapanda yeye mwezi wa nane, akayamwagilia kwa kibuyu, na wajukuu wake tangu jana asubuhi wamekula maboga tu. Aliomba achume yaliyokomaa, ayaache mengine mpaka kikao.

Nikasema hapana.

Ndipo akashusha tenga chini, akapiga magoti kwenye tope, akapiga makofi taratibu, mara tatu, kama tunavyowasalimu wakubwa na machifu. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Mimi ndiye niliyepaswa kupiga magoti kila nimwonapo, na siku ile nilikuwa sijamsalimu hata kwa mdomo. Hakulia. Alipiga makofi yake, akangoja. Nami nilisimama na viatu vyangu vya kamba nikitazama ng'ambo, kama mtu anayengoja gari.

Baada ya muda akainuka, akajipangusa, akachukua tenga lake tupu, akaingia majini.

Siku ile ile nikayavuna. Niliwaita rafiki zangu wawili, tukajaza matenga, mengine nikampa mchuuzi wa kuyapeleka Tunduma, mengine nikayapeleka nyumbani kwa mama. Mama alikuwa ameinjika chungu. Akauliza yametoka dimba gani. Nikajibu letu. Akatazama hindi moja, akalimenya, akaona punje zake za rangi mbili, nyeupe na zambarau, mbegu ambayo pande zote mbili za mto ilipandwa na mtu mmoja tu. Akaepua chungu, akamwaga maji nje, akakifunika chungu kifudifudi, akaenda kulala bila kula. Nilichoma mahindi yangu mwenyewe kwenye makaa yake. Yalikuwa matamu. Hilo nalo nalisema, kwa sababu kijana husikia kwamba cha haramu ni kichungu, akionja akikikuta kitamu hudhani wazee walidanganya.

Kisha nikafanya jambo lingine. Ili nionekane mwenye shamba, nikalima pale pale kwenye mabua, nikapanda maharage. Niliambiwa na rafiki zangu kwamba ukishapanda, ni vigumu kutolewa. Nikapanda kwa haraka, mistari imekwenda upogo.

Wazee wa kando zote mbili walikaa majuma matatu baadaye, kwenye uwanja wa kanisa dogo la bondeni, baada ya ibada. Baba mkubwa Ambakisye hakukaa kama ndugu yangu. Alikaa kama mtu wa mipaka. Aliniuliza maswali machache. Je, mto ulileta ardhi ile punje kwa punje, mwaka hadi mwaka, au uliruka mara moja? Nikasema uliruka. Je, mahindi yalikuwa na kimo gani siku uliporuka? Nikasema yamekomaa. Nani aliyapanda? Nikasema shangazi.

Akawaeleza watu, polepole, jinsi wazee walivyopokea kwa waliowatangulia. Mchanga ambao mto unauleta kidogo kidogo ukaugandisha kwenye ukingo wako ni wako, maana hakuna awezaye kusema ulitoka kwa nani. Na kile ambacho mto unakila kidogo kidogo kimekwenda, hakina kesi. Lakini shamba lililorukwa, ambalo mwenyewe anaweza kunyoosha kidole akasema lile pale na tuta langu lile pale, lina mwenyewe, mpaka waafikiane vingine. Na mazao yaliyosimama hayana hata haja ya kikao, aliyepanda huvuna.

Nami nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikasema kwamba mto uliwahi kulila dimba la baba yangu lote, na hakuna aliyetulipa. Nikaona vichwa vikitikisika, watu wakinionea huruma. Baba mkubwa akaniuliza:

"Na mahindi yaliyokuwa kwenye kile kipande cha mwisho, Lusekelo, yalikwenda wapi?"

Mwanangu, nilijua. Niliyaona yakija juu ya kichwa cha mwanamke aliyekaa hatua kumi kutoka pale nilipo. Niliyapokea. Nikasema, "Sijui. Nilikuwa shuleni."

Baba mkubwa akamgeukia shangazi, akamwuliza kama analo la kusema juu ya hilo. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wa yangu ulikuwa mdomoni mwake. Neno moja tu lilitosha kunivua nguo mbele ya kando mbili za mto.

Shangazi Enesi akajifunga kitenge vizuri. "Ni kweli," akasema. "Mtoto alikuwa shuleni. Tusimsumbue kwa mambo ambayo hakuyaona."

Basi. Akakaa. Nikavuta pumzi, nikajiona nimepona. Ni njiani kurudi nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba mafuriko yale yalikuwa ya Desemba, na kwamba hakuna mzee pale, aliyesoma au asiyesoma, asiyejua kuwa Desemba shule hufungwa. Walijua wote. Waliniacha na uongo wangu kama wanavyomwacha mgonjwa na shuka lake.

Hukumu ilikuwa kwamba dimba ni la shangazi, na ataendelea kulilima kwa kuvuka, bila kusumbuliwa na mtu. Mahindi niliyovuna nitayarudisha mavuno ya mlimani yakiingia, tenga kwa tenga. Likabaki jambo la maharage yangu, ambayo yalikuwa yameshatoa majani mawili mawili. Mzee mmoja wa ng'ambo akasema yang'olewe, kwa sababu yule aliyepanda akikosea anaweza kusamehewa, lakini mimi nilipanda nikijua shamba lina ugomvi. Mwingine akasema yasing'olewe, ila yawe ya mwenye shamba, maana kupanda kwa hila ni kumzawadia mwenye ardhi. Nilikubaliana nao kimoyomoyo, sikuona njia. Shangazi akainua mkono.

"Tumesema aliyepanda huvuna," akasema. "Hatukusema aliyepanda kwa moyo mzuri. Mtoto avune maharage yake, kisha aniondokee shambani."

Watu wakacheka, na kikao kikafungwa. Neno lile lile nililomnyima, akanifunika nalo. Na mimi nikayavuna, mwanangu. Mwezi wa tatu nilikwenda na gunia langu nikayang'oa maharage kwenye udongo wake, nikayapeleka nyumbani. Haki yangu ilikuwa imetamkwa na kikao, hakuna aliyenikataza. Sijawahi kubeba mzigo mwepesi ulionilemea vile.

Kati ya kikao na mavuno ya mlimani kulikuwa na miezi ya njaa. Mimi nilikuwa na mpaka mwezi wa sita kurudisha mahindi, nikautumia muda wangu wote, sikurudisha hata tenga moja mapema, ingawa yule mchuuzi wa Tunduma alikuwa ameshanipa changu na ningeweza kununua. Mwezi wa pili nilipita kwenye shamba la mtu mmoja wa upande wetu nikaona wanawake wakipalilia kibarua cha chakula, kile ambacho ng'ambo wanakiita ganyu. Unalima siku nzima, jioni unapewa bakuli la unga. Wanawake wote walikuwa vijana isipokuwa mmoja. Alikuwa ameinama mstari wa mwisho, nyuma ya wenzake, akijitahidi kuwafikia. Alikuwa shangazi yangu. Wakati anapalilia la mtu, lake la mlimani lilikuwa linamezwa na magugu, na kila mkulima anajua maana yake: njaa ya mwaka huu inapanda mbegu ya njaa ya mwaka ujao. Nilibadilisha njia. Nilipitia kwenye mianzi asinione.

Mwezi wa sita nikapeleka mahindi. Tenga kwa tenga, kama nilivyoamriwa, wala si punje zaidi. Alinipokea kwa uji na akauliza hali ya mama. Nilikaa kwenye kigoda chake nikiwa na neno mdomoni. Nilitaka kusema, "Shangazi, sikuwa shuleni." Maneno matatu tu. Nikanywa uji, nikashukuru, nikarudi.

Mvua mbili baadaye mto ukalila lile dimba lote. Safari hii haukuruka. Uliling'ata ukingoni taratibu, tuta kwa tuta, mpaka ukalimaliza, likawa mchanga wa mtu mwingine huko chini. Leo nikisimama pale sioni hata mahali pa kunyoosha kidole. Kile nilichokitolea heshima yangu hakikukaa hata miaka mitatu.

Shangazi aliishi miaka mingine kumi na moja. Nilimwona kwenye misiba na harusi, nikampigia magoti kila mara, chini kabisa, mpaka watu wakanisifu kwa adabu. Yeye aliniita baba kama zamani. Sikusema. Kila mwaka nilisema mwakani. Alipofariki nilivuka na wenzangu, nikashika jembe la kuchimba kaburi, na shemeji yake mmoja, asiyekuwepo mtoni siku ile ya matenga, akichimba karibu yangu, akaniambia kwa wema kwamba marehemu alinipenda, kwamba siku zote alisema mimi nilionewa bure kwenye ile kesi kwa sababu nilikuwa mtoto na sikujua. Shangazi alikuwa ameutunza uongo wangu hadi kaburini, akiwafundisha na jamaa zake wauamini. Majuto ni mjukuu, huja baadaye; wangu alikuja, akakua, amezeeka pamoja nami.

Mwanangu unayesoma, sikusimulii haya ili uogope kudai chako. Mwenye mali ana haki, na haki hiyo si dhambi. Ng'ombe wako akizaa, ndama ni wako, hata kama amezalia kwenye zizi la uliyempa akufugie. Yeye ana maziwa yake na mbolea yake kama mlivyopatana. Mti ulioota wenyewe shambani kwako ni wako, na matunda yake. Udongo ambao mto umekuongezea polepole, lima. Wala wewe uliyeazimwa ardhi usijifanye mjanja ukapanda kahawa au parachichi, au ukajenga kwa matofali ya kuchoma kwenye kiwanja cha mtu, ukitumaini kwamba mizizi na msingi vitakutetea. Mti wa kudumu kwenye ardhi ya kuazima huombewa ruhusa kwanza. Ukiona aibu kuomba ruhusa, jua umeshaanza kuiba.

Lakini ukiwa wewe ndiye mwenye ardhi, kabla hujasema kilichomo humu ni changu, jiulize kilifikaje humo. Kama kiliota chenyewe, sawa. Kama kiliwekwa na mkono wa mtu, mtafute mwenye mkono. Kama alipanda akijua ni halali yake, mwache avune, au umlipe kazi yake ndipo uchukue. Kama alijenga kwa ruhusa ya baba yako, ruhusa haikuzikwa na baba yako. Ziko sheria zilizoandikwa siku hizi, na ziko ofisi za ardhi na mabaraza. Nenda ukaulize, usikilize mpaka mwisho wa sentensi, usiondoke na nusu kama mimi. Na mnapopatana, andikeni, mashahidi wawepo, wa kwako na wa kwake, maana maneno ya mdomo hufa na wenye midomo.

Na kama umeshamla mtu, mrudishie kabla ya siku uliyopangiwa. Mla cha mwenzie na chake huliwa, ndivyo wanavyosema, na mimi nilingoja kwa hofu nione ni nani atakula changu. Hakuna aliyekuja. Nililindwa, nikasitiriwa, nikaachiwa hata maharage. Usidhani kwamba hilo ni jepesi zaidi. Na kama ulisema uongo mbele ya watu, na bado yupo yule uliyemkosea, inuka leo uende. Usinywe uji wake kwanza.

Sikuwa shuleni, shangazi. Nilikuwa mtoni, na tenga nililipokea mimi.

Wewe unayenisoma, Mungu akupe ardhi yenye rutuba na majirani wanaovuka bila kuogopa. Akupe mavuno ya kazi yako, usionje ya mwingine. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, akupe miguu ya kwenda kuungama wakati mwenye kukusamehe angali hai. Amina.